Kohozi Lililosafiri na Walinzi

Kohozi zuri halitoki kwa kuombwa. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi wajukuu zangu mnaoanza kazi ya afya ya jamii, mnaopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi na fulana zenye maandishi mgongoni. Mkimwambia mtu "tema hapa," atawatemea mate. Mate hayana habari yoyote. Yanakuambia tu kwamba mtu huyu ana mdomo, na hilo ulikwisha kuliona alipokusalimia. Mnachokitaka kimekaa chini kabisa kifuani, na hakipandi bila sababu.

Mpeni mtu kikopo jioni. Mwambieni asubuhi akiamka, kabla hajagusa chai, asukutue kinywa kwa maji, atoke nje penye upepo, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutokea tumboni. Nje, nimesema, si chumbani walipolala watoto. Na ninyi simameni upande ule upepo unakotoka. Mimi nilisimama upande mwingine siku moja tu, na somo nililielewa.

Naitwa Subilaga, Mnyakyusa wa Rungwe, muuguzi mstaafu. Siku hizi ninaishi Iringa kwa binti yangu, ambaye ananikataza kusimulia habari hizi wakati wa kula. Kazi nilianzia huku huku Iringa, lakini miaka mingi zaidi niliimalizia Chunya, kwenye kifua kikuu na vumbi la mawe. Watoto wa Chunya waliniita Mama Makohozi. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaona kuna watu wazima wanaitwa majina mabaya zaidi na hawana hata kazi.

Aliyenifundisha ni Mama Luvanda, Mhehe mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa haelezi, anaonyesha. Tukiingia kwenye nyumba anasalimia Kihehe, "Kamwene," anakaribishwa, anakunywa chai, anauliza habari za mahindi na za ng'ombe, halafu ghafla anainama na kukohoa kikohozi cha kutikisa madirisha. "Hivyo ndivyo," anasema akijifuta mdomo. "Haya, zamu yako baba." Na baba anakohoa, kwa sababu ni aibu kumwacha mgeni akohoe peke yake nyumbani kwako.

Nikaijaribu mbinu hiyo kijiji cha pili, nikiwa peke yangu. Nilikohoa vizuri kupita kiasi. Wenye nyumba walinilaza kwenye mkeka, wakamwita mzee wa kanisa, akaniombea kwa kirefu na kwa jina la baba yangu, kisha wakanifunga kwenye baiskeli wakanipeleka zahanati ile ile niliyotoka asubuhi. Mama Luvanda alitoka mlangoni akauliza, "Umeleta sampuli?" Nikamwambia nimeletwa mimi.

Alikuwa na kanuni nyingine: hakuna kuongea na mwanamke habari za kifua chake kabla ya kukaa jikoni kwake. Iringa kuna baridi, mnaijua wenyewe, na jiko linafungwa mlango ili joto lisitoke, basi na moshi nao unabaki kuota moto pamoja na familia. Mama Luvanda aliwahimiza watu wa kijiji kimoja wafungue madirisha jikoni. Wakatoboa madirisha, wakashangilia, na wiki iliyofuata tukakuta kila dirisha limezibwa kwa blanketi. Tulipouliza, mama mmoja akajibu kwa upole kwamba dirisha wanalo, wanashukuru sana, sasa wanaomba msaada wa kitu cha kuzuia baridi inayoingia dirishani. Mama Luvanda hakucheka. Alisema, "Subilaga, watu hawafanyi upuuzi. Wanafanya jambo la akili kuhusu kitu ambacho wewe hukukiona."

Maneno hayo niliyaelewa Chunya.

Nilipofika kule, wachimbaji wadogo walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu kwa karasha, mashine inayovunja jiwe na kurusha vumbi jeupe laini kama unga wa sembe. Likikaa kwenye nyusi na ndevu za kijana linamzeesha kabla ya chakula cha mchana. Kinachoonekana ni hicho cha kwenye nyusi. Kibaya ni kile kinachoingia ndani. Vumbi hilo linachosha mapafu, na mapafu yaliyochoka ni nyumba isiyo na mlango: kifua kikuu kinajiingilia tu.

Basi tukaunda kikundi. Nasema "tukaunda" lakini sehemu kubwa walifanya wenyewe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nzunda, Msafwa mwenye karasha mbili na fimbo moja, mtu wa utaratibu. Walikubaliana kwamba jiwe lote linamwagiwa maji kabla halijaingia mashineni, maana jiwe lililolowa halirushi vumbi. Na maji ya Chunya si mchezo, yanatoka mbali kwa madumu. Atakayesaga jiwe kavu adhabu yake ni kubeba madumu. Atakayefanya kazi bila barakoa, madumu. Ilifanya kazi. Ilifika mahali ukasimama kwenye karasha ukaona mpaka ng'ambo ya pili, na ng'ambo ya pili kulikuwa na watu ambao hatukujua kama wapo.

Halafu nikaleta vikopo vya makohozi, na mambo yakageuka.

Ninyi mliokulia mjini hamjui neno marudio, niwaeleze. Mchimbaji wa Chunya hatupi kitu. Mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu ikatoka unaitwa marudio. Unawekwa lundo, unauzwa, unaoshwa tena kwa dawa kali zaidi, na kila mara kinapatikana chochote. Watu wale wamelelewa wakijua kwamba alichotupa mjinga ndicho kinachomjengea mwerevu nyumba. Mimi nikaja kwa watu wa namna hiyo, nikawaomba wanipe walichokuwa wanatema chini siku zote.

Waliitisha mkutano. Mzee Nzunda akasimama, akakohoa kidogo kwa adabu, akasema:

"Sista, tunakuheshimu. Umetuletea barakoa, umekunywa chai yetu. Lakini tuulize swali dogo. Jiwe lina dhahabu, au halina?"

"Lina," nikasema.

"Likisagwa, vumbi lake lina dhahabu?"

"Kidogo sana, labda."

"Kidogo, sawa. Vumbi tunalivuta. Miaka sasa. Halafu inakuja serikali. Haitaki damu yetu. Haitaki mkojo wetu. Inataka kohozi. Inaliweka kwenye kikopo kizuri cha mfuniko, inaandika jina la mwenye mali, inaweka kwenye boksi la barafu, inafunga na kufuli, inapeleka Mbeya. Sista, mate ya mtu gani hapa duniani yalishafungwa kufuli?"

Kufuli niliweka kwa ajili ya watoto wasichezee. Nilisema hivyo. Mkutano mzima ukanitazama kwa huruma, kama mnavyomtazama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani akasema anampeleka matembezini.

Hawakuishia kwenye maneno. Wakachukua kohozi la mmoja wao, wakaliosha kwenye karai wakitumia zebaki, wakachoma kwenye moto wa wazi, jambo lenye sumu ambalo mimi nilikuwa nalipigia kelele kila siku. Na wakapata punje. Naapa mbele yenu, punje ndogo ya kuonea kwenye jua, lakini ni dhahabu. Karai lenyewe halikuwahi kusuguliwa tangu linunuliwe dukani. Ungeosha ndani yake maji ya mvua ungepata punje, ungeosha ndani yake soksi ungepata punje. Nani angesikiliza? Lisemwalo lipo, walisema, na hili halikuwa laja, limeshakuja.

Kilichofuata nimewahi kukisimulia kwa madaktari wakadhani nimezeeka. Maji yalikoma siku ile ile. "Vumbi lisipopanda tutavuta nini?" waliniuliza. Barakoa zilitundikwa kwenye misumari. Wanaume wazima, wenye wake na mashamba, walipanga zamu ya kusimama pale vumbi linapotokea wakiwa wamefumbua midomo. Mwenye kikohozi kikavu alionewa huruma. Mwenye kikohozi kizito alipewa kiti. Baba mmoja aliyeletewa posa na kijana mzuri, msafi, mwenye pikipiki, alimuuliza swali moja tu: "Unakohoa?" Kijana akasema kwa majivuno kwamba hakohoi kabisa. Akaambiwa arudi atakapokuwa amejipanga.

Na mtu aliyekohoa kuliko wote pale alikuwa mdogo wangu.

Ambakisye ni kitinda mimba wetu. Mama alipofariki mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Alinifuata Chunya akawa mwendeshaji wa karasha ya Mzee Nzunda, akaoa pale pale, akamwoa Neema, mama lishe mwenye ugali wa kukata kwa uzi na ulimi wa kukata bila uzi. Wakapata mtoto wa kike. Tangu mavuno ya mahindi Ambakisye alikuwa anakohoa, anatoka jasho hadi godoro linaanikwa, na suruali yake ilikuwa imeshikiliwa na kamba ya katani. Mimi muuguzi wa kifua kikuu nilikuwa nayaona yote haya kwa macho yangu. Sikulala vizuri majira yale, wajukuu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Nilikwenda nyumbani kwake. Chini ya kitanda alikuwa na chupa ya asali iliyojaa, na haikuwa asali.

"Ambakisye, unakonda."

"Dada, mali haikai kwa mtu mnene."

"Hii si mali. Hiki ni kifua kikuu. Nipe kohozi la asubuhi nikalipime, unywe dawa, upone."

"Wewe Dada ni serikali."

"Mimi ni dada yako."

"Ndiyo. Dada wa serikali." Akakohoa, akashika ukuta, akangoja pumzi irudi. Iliporudi akasema kwa fahari, "Umesikia hicho? Kuna watu wawili wameniomba tuwe wabia. Mmoja anataka pafu la kulia tu."

"Na mtoto je? Analala chumba hiki hiki, anavuta unachokohoa."

"Basi naye atakuwa na urithi," akasema, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya choo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu hakuyaficha, aliyatangaza, aliyawekea chupa. Kwa mtu wa namna hiyo hata methali zinakosa la kufanya.

Nilijaribu kila njia. Nilileta picha za mapafu, wakauliza zile sehemu nyeupe ni mkondo wa dhahabu au ni maji. Nilimleta mchungaji, akahubiri vizuri, kisha akaniuliza pembeni kama waimbaji wake nao wana kitu kifuani. Nilichokuwa nafanya ni kuwakatalia tu, hakuna, hakuna, hakuna, na kila "hakuna" yangu ilikuwa inawathibitishia kwamba ipo.

Aliyelifungua fundo lile ni Neema. Yeye alijua kitu ambacho mimi sikukiona. Pale machimboni mtu akisema duara lake, yaani shimo lake, lina jiwe zuri, jiwe linapimwa mbele ya watu. Wote wanasimama, wote wanaona. Mwenye duara akikataa kupimiwa, hakuna anayegombana naye, watu wanaondoka kimya wakijua kwamba lile ni jiwe tupu. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Afadhali uitwe mlevi.

Basi mchana mmoja, wanaume wamejaa kwenye mabenchi yake, Neema akawa anagawa maharage huku anasema kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na sufuria:

"Mume wangu wamemwomba kohozi lake likapimwe Mbeya, kakataa. Sijui anaogopa nini. Labda ni jiwe tupu."

Vijiko vikasimama. Ambakisye aliinuka na kamba yake kiunoni, macho mekundu.

"Nani jiwe tupu?"

"Mimi sijui, baba. Mimi ni mpishi."

"Lipimwe! Kesho! Mbele ya watu!"

Mzee Nzunda akagonga fimbo chini. "Na kamati ilisindikize," akasema. "Lisichezewe njiani."

Asubuhi iliyofuata sijawahi kuona kitu kama kile na sitarajii kukiona tena. Ambakisye alisukutua kinywa, akatoka nje penye upepo, nusu ya machimbo ikasimama nyuma yake, kwa maelekezo yangu, upande upepo unakotoka. Akavuta pumzi. Akakohoa kutokea tumboni, kwa hasira yote ya mtu aliyetukanwa na mkewe hadharani. Lilikuwa kohozi bora kuliko yote niliyopokea katika maisha yangu ya kazi. Watu wakapiga makofi. Mzee Nzunda akazungushia mfuniko karatasi ya gundi, akaweka sahihi juu yake, na wazee wengine wakadai kuweka za kwao.

Tuliondoka na basi la asubuhi: mimi, Neema, Mzee Nzunda na boksi. Boksi lilikatiwa kiti chake dirishani. Kondakta akauliza huyu abiria anashukia wapi, Mzee Nzunda akamjibu kwamba anashukia maabara na asisumbuliwe. Tulipopanda juu mlimani penye baridi, kabla ya kuanza kuteremkia Mbeya, Mzee akavua koti lake akalifunika boksi. Nikamwambia lile linahitaji ubaridi, ndiyo maana ndani kuna barafu. Akafikiri, akalivua koti, akalivaa, na akafungua dirisha.

Tulishukia Mwanjelwa, penye soko kubwa la Mbeya. Kosa letu, kama ni kosa, ni kwamba tulitembea kama tulivyojisikia. Mzee Nzunda mbele na fimbo, mimi katikati na boksi lenye kufuli nimelikumbatia, Neema nyuma akiangalia kulia na kushoto. Mtu yeyote sokoni angesema hawa wamebeba kitu. Na mmoja alisema hivyo moyoni mwake, mwanaume wa makamo amevaa kofia ya sufu. Nilisikia tu mikono yangu imekuwa myepesi, na kofia ile inakimbilia kwenye vibanda vya mitumba.

"Mwizi!" Mzee Nzunda akapiga kelele, na mnajua soko likisikia neno hilo linakuwaje. Watu wakatoka kila upande, wengine wameokota mawe. Mzee akaona hatari, akabadilisha: "Msimpige! Msimpige, atamwaga!"

"Atamwaga nini?" mtu akauliza.

Neema akajibu kwa sauti iliyofika hadi stendi. "Kohozi la mume wangu!"

Soko likanyamaza. Nimeishi Mbeya na nimeishi Iringa, sijawahi kusikia Mwanjelwa imenyamaza. Mawe yakarudishwa chini. Duara la watu likafunguka, likawa kubwa, na katikati yake alikuwa yule mwizi amelishika boksi kwa mikono miwili, amelinyoosha mbele kama mtoto mchanga aliyelowa. Akaliweka chini taratibu.

"Maza," akaniambia, "samahani. Mimi nilijua ni mzigo."

"Ni mzigo."

"Sasa si mngeandika hata juu hapa!" Akataka kuondoka, akasimama, akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha siku nyingi. Masikio yangu yanakijua. Akajifuta akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani hao mnaowabebea hivi, inakuwa bure?"

"Bure."

"Mimi hiki nakisikia tangu mvua za mwanzo."

Wajukuu, mfuko wa muuguzi haukosi kikopo. Tulikwenda nyuma ya vibanda, penye upepo, nikamwelekeza kila kitu, na Mzee Nzunda akamsimamia na kumshangilia kama alivyomshangilia mwenzake. Kisha tukaenda maabara sote wanne, na mwizi ndiye aliyebeba boksi, maana alisema mimi nalishika vibaya.

Mtaalamu wa maabara alikuwa kijana mtaratibu. Alisikiliza maelezo ya Mzee Nzunda kuhusu sahihi zilizo juu ya mfuniko bila kukunja uso. Maabarani hatukuingia, haturuhusiwi. Tulingoja kwenye benchi mpaka mchana ulipogeuka, ndipo akatoka na kioo kidogo kilichokwisha kupakwa rangi na kukaushwa, kisicho na madhara, akakiweka kwenye darubini ya wanafunzi iliyokuwa chumba cha nje.

"Mzee, karibu uone mwenyewe."

Mzee Nzunda akainama. Alikaa pale muda mrefu, mgongo wake umetulia.

"Naona vijiti," akasema. "Vyekundu."

"Ndivyo."

"Ni vingi."

"Ni vingi sana."

"Si dhahabu."

"Si dhahabu, mzee. Ni wadudu wa kifua kikuu."

"Wanakula nini?"

Kijana akatazama chini. "Wanamla mwenye kohozi."

Neema akasema na yeye anataka kuona. Alikuwa mfupi, tukamletea kigoda. Akaweka jicho, akashika meza kwa mikono miwili. Halafu akawaambia wale wadudu kwa sauti ya chini, bila kuinua uso, "Tokeni. Tokeni kwa mume wangu." Nikamshika mabega. Yule mwizi akavua kofia.

Majibu yake yeye yalitoka baadaye kidogo, na hayakuwa na kifua kikuu. Ilikuwa sigara na kulala kwenye baridi. Alishukuru, ila niliona amesikitika kidogo, kama mtu aliyeachwa nje ya sherehe.

Jioni ya siku tuliyorudi machimbo yote yalikusanyika kwenye karasha. Ambakisye alikaa mbele kwenye kiti chake cha heshima. Mzee Nzunda hakupamba.

"Tumepima," akasema. "Nimeangalia kwa jicho hili. Dhahabu hakuna. Kuna wadudu, na wanamla huyu kijana tukiwa tunampigia makofi. Nimemuuliza daktari wa kule Mbeya habari za vumbi. Amesema wadudu watatoka kwa dawa. Jiwe lililoingia kifuani, hilo halitoki."

"Hata kwa zebaki?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hata kwa zebaki."

"Na ile punje je?"

"Karai lenu hamjawahi kuliosha!" Neema akafoka. "Mnaosha mawe, mnaosha mchanga, mnaosha makohozi, karai hamuoshi!"

 Watu walikuwa wanahesabu walichokwisha kuvuta. Mtu mmoja akaenda msumarini akachukua barakoa yake, akaikung'uta. Mwingine akabeba madumu bila kuamriwa. Ambakisye alibaki kwenye kiti, ananitazama, na macho yake yalikuwa ya yule mtoto niliyembeba mgongoni.

"Dada," akasema, "nilipe nini ili nipone?"

"Meza dawa tu, mjinga wewe."

Alimeza kila siku mbele ya Neema, ambaye alikuwa anamwambia afungue mdomo na kuinua ulimi kama anakagua gunia la mchele. Mtoto akapewa dawa ya kinga, na waliokaa naye karibu wakapimwa mmoja mmoja, kwa hiari yao, bila sahihi. Wadudu walitoka. Alinenepa, kamba ya katani ikatupwa. Nilipoona majibu ya mwisho niliimba ofisini peke yangu. Kisha nikaona picha ya kifua, na nikaacha kuimba. Vumbi lilikuwa limekaa mle kama daktari alivyosema. Mdogo wangu atatembea, atacheka, atamlea mtoto wake, lakini hatapanda tena mlima wa kwao Rungwe, na kila sentensi yake ndefu ataimalizia kwa awamu mbili.

Alirudi karasha. Niligombana naye hadi sauti ikanikauka, lakini hakurudi kusaga. Alishika mpira wa maji. Mpaka leo ndiyo kazi yake, anakaa upande wa upepo na barakoa yake, na mtu akija na jiwe kavu haulizwi, analoweshwa yeye na jiwe lake. Amelowesha wenye karasha, amelowesha wageni wenye tai kutoka mkoani. Alimlowesha bwana harusi aliyekuwa anapita tu na suti, kwa sababu alikanyaga vumbi.

Siku ya Jumapili anaimba. Besi yake ndiyo iliyomfanya Neema amkubali, na kwaya yao haina besi nyingine ya maana. Shida ni kwamba pumzi yake inaisha katikati ya mstari, mahali ambapo hakuna mtu anayepumua, tena katikati ya neno. Mwanzoni alikuwa anaachwa nyuma, anabaki anahema wakati wenzake wamefika mbele, na akaomba atoke kwaya. Mwalimu wa kwaya akamkatalia. Akawaambia waimbaji wote wapumue pale anapopumua Ambakisye. Wakajifunza. Wimbo unakatika ghafla pasipo sababu, kanisa linangoja, kisha wanaendelea wote pamoja.

Mwaka huu nilisafiri kutoka Iringa kwenda tamasha la kwaya huko Mbeya. Ambakisye alikuja na basi kunisalimia, tukakaa benchi moja. Ikapanda kwaya ya vijana wa mjini, sare mpya, wenye gitaa na kinanda, ambao hawajawahi kukanyaga Chunya. Walikuwa wameusikia wimbo wa kwaya ya Ambakisye kwenye simu. Kijana mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka akanieleza, "Bibi, sikiliza hapo katikati wanapokata. Ndiyo staili mpya, kwaya zote kubwa wanafanya hivyo sasa."

Wakafika pale. Mdogo wangu, bila kujua, akavuta pumzi, na kwaya nzima ikavuta naye.